i7 iliyoshindwa na i5: uchambuzi wa kisa cha kasi iliyopotea

Laptopu nyembamba yenye kichakataji cha Intel Core i7-8550U ilinunuliwa ichukue nafasi ya kompyuta ya mezani yenye Core i5-6500. Kwa kusoma karatasi tu, hakuna ubishi. Hiyo i7 ina viini 4 na thredi 8 (mifululizo ya maagizo inayoendeshwa kwa pamoja), kilele cha gigahezi 4.0 na kashe, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya kichakataji, ya megabaiti 8. Ile i5 ina viini 4 na thredi 4, kilele cha gigahezi 3.6 na kashe ya megabaiti 6, tena ilitoka mwaka 2015 wakati mwenzake ni wa 2017. Kazi nzito ya mwenye mashine ni kubana video kwa programu ya HandBrake akitumia kisimbaji cha x264, ambacho hufanya hesabu zote kwenye kichakataji chenyewe bila kuitegemea kadi ya michoro. Faili ileile, mipangilio ileile: kompyuta ya mezani ilimaliza kwa dakika 20, laptopu kwa dakika 29.

Ushauri aliokuwa ameshapewa ni ule wa kila siku: ongeza RAM, weka diski ya kasi zaidi, piga Windows upya. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo mitatu uliogusa tatizo, na miwili ingemtoa pesa. Dalili iliyopaswa kusikilizwa ni nyingine, naye aliitaja kwa kupita tu: mashine ilianza vizuri kisha ikalegea. Katika sekunde za mwanzo laptopu ilikuwa ikichakata fremu nyingi kwa sekunde kuliko kompyuta ya mezani. Kabla ya sekunde ya kumi namba hiyo ilianza kushuka, na haikupanda tena mpaka kazi ilipoisha.

Gigahezi zipi hasa?

Kichakataji cha i7-8550U hakina kasi moja. Kina gigahezi 1.8 za msingi, 4.0 za kilele pale viini vichache tu vinapofanya kazi, na 3.7 za kilele viini vyote vinne vikiwa kazini. Matangazo huandika 4.0. Ahadi ya mtengenezaji kwa kazi nzito ya muda mrefu ni 1.8 kwa wati 15. Kinachozidi hapo ni nyongeza inayotolewa kadiri umeme na joto vinavyoruhusu, na inaweza kunyang'anywa wakati wowote. (Windows huionyesha kasi hiyo ya msingi kama 1.99, jambo lililowachanganya watu wengi bila sababu. Chipu ni ya 1.8.)

Kwa i5-6500 msingi ni gigahezi 3.2 na bajeti ya umeme ni wati 65. Hapo ndipo ulinganisho wa kweli ulipo: wati 15 dhidi ya 65. Herufi U mwishoni mwa jina la kichakataji cha laptopu ndiyo inayotoa taarifa hiyo, nayo ina uzito kuliko "i7" iliyotangulia. Daraja la i5 au i7 linalinganisha ndugu wa kizazi kimoja na wa kundi moja la umeme. Ukivuka makundi, linapoteza maana.

Kazi kwa kila mpigo

Ili kujua ni wapi dakika tisa zilipotelea, ni lazima kwanza kujua kichakataji kinafanya nini ndani ya mpigo mmoja wa saa yake.

Programu ni mfululizo wa maagizo madogo mno: chukua namba hii kutoka kwenye kumbukumbu, ijumlishe na ile, linganisha, ruka kwenda mahali fulani kama matokeo ni sifuri. Kiini hulileta agizo kutoka kwenye kashe, hulifasiri kuwa hatua ndogo ambazo mitambo yake ya ndani inazielewa, huzitekeleza, kisha huandika jibu kwenye rejista (vihifadhi vidogo mno ndani ya kiini) au kulirudisha kwenye kumbukumbu. Saa ndiyo inayopiga mdundo wa hatua hizo. Kwa gigahezi 3.7, mpigo mmoja huchukua nanosekunde 0.27, muda ambao mwanga wenyewe husafiri sentimita 8 tu.

Agizo moja halimalizwi ndani ya mpigo mmoja. Hupita katika ngazi zaidi ya kumi, na wakati agizo moja liko ngazi ya tano, mengine yako nyuma yake katika ngazi ya nne, ya tatu, ya pili. Zaidi ya hapo, viini vya aina hii vinaweza kupeleka hatua ndogo hadi 4 kwenda kutekelezwa kwa kila mpigo, na vinaangalia dirisha la hatua 224 zinazosubiri ili kuchagua zile ambazo data zake ziko tayari, hata kama si zamu yake kwa mpangilio wa programu. Mambo mawili huvuruga mtiririko huu. La kwanza ni matawi: programu inapofika kwenye "kama hivi, vinginevyo vile", kiini hukisia njia na kuendelea bila kusubiri jibu. Kikikisia vibaya, kazi yote iliyofanywa kwenye njia isiyo sahihi hutupwa, na hasara ni mipigo kama 16 au zaidi. La pili ni kusubiri data. Kashe ya kwanza, kilobaiti 32 za data kwa kila kiini, hujibu kwa mipigo 4 au 5. Ya pili, kilobaiti 256, hujibu kwa takriban 12. Ya tatu, inayotumiwa na viini vyote, kwa takriban 40. Data ikikosekana kote huko, safari ya kwenda kwenye RAM na kurudi kwenye laptopu ya namna hii ni karibu nanosekunde 80, yaani mipigo kama 300 kwa gigahezi 3.7.

Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kazi za mashine, haikuonyeshi hilo. Kiini kinachosubiri RAM kwa mipigo 300 kinahesabiwa kuwa na kazi asilimia 100, sawasawa na kiini kinachokokotoa mfululizo. Asilimia 100 maana yake ni kwamba kiini kina kazi mikononi; haisemi kazi hiyo inakwenda kwa mwendo gani.

Kwa hiyo gigahezi ni nusu tu ya hesabu. Nusu nyingine ni kazi inayofanyika kwa kila mpigo, na hiyo hutegemea usanifu wa kiini. Pentium 4 ilifika gigahezi 3.8 mwaka 2004, juu ya kilele cha i5-6500, lakini hakuna atakayezishindanisha: ngazi zake zilikuwa 31, kila kisio baya liligharimu sana, na kazi kwa mpigo ilikuwa ndogo.

Kwa bahati, katika kisa hiki nusu hiyo ya pili inajifuta yenyewe. Viini vya i7-8550U na vya i5-6500 vina usanifu unaokaribia kuwa mmoja. Kashe ya kwanza na ya pili zinalingana, upana (hatua ndogo zinazopelekwa kwa mpigo) ni uleule, na vyote vimetengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 14. Faili ni moja na programu ni moja, kwa hiyo idadi ya maagizo nayo ni moja. Kinachobaki ni gigahezi halisi na idadi ya thredi.

Kuhusu thredi: i7 hii huruhusu kila kiini kushika mifululizo miwili ya maagizo, ili mmoja ukisubiri data mwingine utumie mitambo iliyo wazi. Hilo haliongezi kiini. Kwa x264, nyongeza ya robo hivi ni makadirio ya busara. Kwa kazi nyingine ni pungufu, na mara chache huwa hasara.

Sasa hesabu. Kompyuta ya mezani ilishikilia gigahezi 3.3 kwenye viini vyote vinne: 4 × 3.3 = 13.2. Laptopu ingeshikilia 3.7, ingekuwa na 4 × 3.7 × 1.25 = 18.5, na kazi ya dakika 20 ingekwisha kwa dakika 14 na kitu. Ilichukua 29. Ukigeuza hesabu, dakika 29 zina maana ya uwezo wa takriban 9.1, ambao ukigawanywa kwa 5 (viini 4 mara 1.25) unatoa gigahezi 1.8. Kabla hata ya kufungua programu yoyote ya vipimo, tulishajua mashine ilikuwa ikitembea wapi.

Namba hiyo ni mtego. Inalingana na kasi ya msingi, na fundi mwenye haraka atasema nyongeza ya kasi imezimwa. Jambo hilo hutokea: kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, ukishusha kikomo cha juu cha kichakataji kutoka asilimia 100 hadi 99, nyongeza yote huzimika na mashine haivuki msingi. Lakini mashine yenye ugonjwa huo huanza polepole na kubaki polepole. Hii ilianza kwa kasi. Kulingana kwa 1.8 na 1.8 kulikuwa sadfa.

Vipimo

Vipimo vilichukuliwa kwa HWiNFO, programu ya kusoma vihisi vya mashine, kipindi cha kusoma kikiwa sekunde moja na usomaji ukiandikwa kwenye faili, chaja ikiwa imechomekwa, kivinjari kimefungwa, chumba kikiwa na digrii 25. Ni lazima kazi idumu angalau dakika kumi. Jaribio la sekunde thelathini litaisifu karibu laptopu yoyote, na ndiyo maana majaribio mafupi ya kulinganisha vichakataji hupotosha. Safu zilizotazamwa ni nne: gigahezi za kila kiini, wati za kichakataji kizima, digrii za kiini cha moto zaidi, na viashiria vya sababu ya kikomo.

Sekunde 0 hadi 6: gigahezi 3.7, wati 40, joto likipanda kutoka digrii 47 hadi 98.
Sekunde 7 hadi 60: gigahezi zikishuka kutoka 3.0 hadi 2.0, joto limeganda kwenye 98.
Kuanzia dakika ya pili mpaka mwisho: gigahezi 1.8, wati 10, digrii 97 hadi 99.

RAM iliyotumika haikuvuka gigabaiti 5.1 kati ya 8 na diski ilikuwa karibu imelala, kwa hiyo ushauri wa kununua vitu uliishia hapo.

Jambo la kutazama kwa makini ni viashiria. Kichakataji hiki kina vikomo viwili vya umeme. PL2 ni cha muda mfupi. Kwenye mashine hii kiliruhusu wati 44 kwa sekunde 28. PL1 ni cha kudumu, wati 15. Juu ya hivyo kuna kikomo cha joto: kwenye digrii 100 chipu hujikinga kwa kupunguza mwendo, na watengenezaji wa laptopu mara nyingi huanza kupunguza digrii chache kabla. Hapa kiashiria cha joto kiliwaka muda wote kuanzia sekunde ya saba. Kiashiria cha PL1 hakikuwaka kabisa, na hakingeweza kuwaka, kwa sababu mashine haikufikia hata wati 15 zake halali. Iliishia 10. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mashine mgonjwa na mashine yenye uwezo mdogo. Ingekuwa wati 15, digrii 70 na kiashiria cha PL1 kikiwaka, tungesema ndivyo ilivyoumbwa.

Kulikuwa na uwezekano mwingine wa kuondoa, nao huondolewa kwa kutazama mara moja. Laptopu isiyotambua chaja yake, au yenye kihisi cha joto kilichoharibika kwenye ubao, inaweza kukiamuru kichakataji kijikinge hata kikiwa baridi. Dalili yake haifichiki: gigahezi hushuka chini ya 1 huku joto likiwa digrii 45 au 50, na kiashiria cha PROCHOT (amri ya kujikinga na joto) kinawaka. Ukiona hivyo, anza na chaja. Pesti (dutu ya kupitisha joto kati ya chipu na bamba la shaba) na feni hazihusiki.

Digrii kwa kila wati

Kwa nini joto linapunguza gigahezi kwa kiasi kikubwa namna hii? Umeme unaotumiwa na transista zinazowaka na kuzimika hufuata kanuni moja: hukua sambamba na mipigo ya saa, na hukua kwa mraba wa volteji. Mipigo zaidi huhitaji volteji zaidi, la sivyo transista haziwahi kubadilika kabla ya mpigo unaofuata. Chukua volteji ya takriban 0.8 kwa gigahezi 2.4 na 1.05 kwa gigahezi 3.7. Mipigo imeongezeka mara 1.54, mraba wa volteji mara 1.72, na ukizidisha unapata mara 2.65. Wati 15 zinakuwa 40. Kasi imeongezeka kwa nusu na ushee, umeme kwa zaidi ya mara mbili na nusu. Ndiyo sababu gigahezi za vichakataji ziliacha kupanda kwa kasi tangu kati ya miaka ya 2000, na viini vikaanza kuongezeka badala yake.

Karibu kila wati inayoingia inatoka kama joto, na joto hilo lina njia moja: kutoka kwenye silikoni kupitia pesti hadi kwenye bamba la shaba, kutoka kwenye bamba kupitia bomba la shaba lililobanwa hadi kwenye mapezi membamba, na kutoka kwenye mapezi hadi kwenye hewa inayosukumwa na feni. Ubora wa njia nzima unapimwa kwa namba moja tu. Toa joto la chumba kwenye joto la kichakataji, gawanya kwa wati. Hapa: 98 kutoa 25 ni 73, gawanya kwa 10, digrii 7.3 kwa kila wati. Laptopu nyembamba yenye afya inapaswa kuwa karibu na 3.

Namba hiyo ina thamani kuliko digrii zenyewe. Mtu akikuambia laptopu yake inafika digrii 95, hujajua kitu. Digrii 95 kwa wati 25 ni kazi nzuri ya kupoza. Digrii 95 kwa wati 10 ni njia iliyoziba.

Ndani ya kifuniko

Ilikuwa imeziba mahali pawili. Kati ya feni na mapezi kulikuwa na tandiko la vumbi lililoshonana kama blanketi jembamba. Kupuliza hewa kutoka nje hakuliondoi: huliinua tu, likarudi. Pesti nayo ilikuwa imekauka na kupasuka, ikiacha sehemu za silikoni zikigusana na hewa. Hewa hupitisha joto kwa takriban wati 0.026 kwa kila mita na digrii. Pesti ya kawaida hupitisha 5 hadi 10. Shaba karibu 400. Pengo la hewa la sehemu ndogo ya milimita linatosha kuharibu njia nzima.

Mashine ilizimwa kabisa, kifuniko cha chini kikafunguliwa, na kiunganishi cha betri kikachomolewa kutoka kwenye ubao kabla ya kugusa kingine chochote. Skrubu za bamba la shaba zilikuwa na namba zilizogongwa kando yake. Zililegezwa kwa mpangilio wa kinyume, nusu mzunguko kila moja kwa zamu. Hili si urembo. Vichakataji vya U havina kifuniko cha chuma: silikoni iko wazi, na bamba likiinuka upande mmoja linaweza kuvunja kona yake. Ukikuta bamba limeganda, usilivute kwa nguvu. Washa mashine dakika chache kabla ya kuifungua ili pesti ilainike, au lizungushe taratibu kulia na kushoto.

Feni ilitolewa, tandiko likaokotwa kwa kibanio, mapezi yakapigwa brashi laini na hewa. Ukipuliza feni, izuie isizunguke. Pesti ya zamani ilifutwa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 na zaidi, pande zote mbili. Pesti mpya ikatandazwa kwa tabaka jembamba hadi ikafunika silikoni yote. Kwenye kichakataji chenye kifuniko cha chuma, tone moja katikati hutosha kwa sababu chuma husambaza joto. Kwenye silikoni iliyo wazi kona isiyo na pesti ni kona inayochemka, hivyo kuzidisha kidogo ni heri kuliko kupunguza. Kabla ya kurudisha bamba, angalia kama chipu za kumbukumbu au za umeme zilizo jirani zilikuwa na vipande vya mpira laini wa kupitisha joto. Hivyo hurudishwa vilevile, kwa unene uleule. Watu huvibadilisha kwa pesti na bamba halizifikii tena chipu hizo.

Kipimo kilirudiwa kwa kazi ileile, chumba kikiwa na digrii zilezile 25. Gigahezi 2.4, wati 15, digrii 68. Yaani digrii 2.9 kwa wati. Kiashiria cha joto kilizimika isipokuwa mwishoni mwa zile sekunde 28 za mwanzo, na sasa kilichowaka kwa muda wote uliobaki ni PL1. Muda: dakika 22.

Dakika mbili ambazo vumbi halihusiki nazo

Mwenye mashine hakuridhika, na ana haki. Vumbi lilimrudishia dakika 7, lakini i7 yake bado iko nyuma ya i5. Hesabu ni ileile: 4 × 2.4 × 1.25 = 12.0 dhidi ya 13.2. Kilele cha sekunde 28 hakiokoi kitu hapa. Kwa muda huo mashine hufanya kazi ya sekunde 40 na kidogo, faida ya robo dakika katika kazi ya dakika 22.

Pia ndiyo sababu ugonjwa ulijificha kwa muda mrefu. Kufungua programu, kupakia ukurasa, kukokotoa jedwali: kazi hizo hutumia kiini kimoja au viwili kwa sekunde chache, gigahezi 4.0 zinapatikana, na kila kitu kinakwisha kabla joto halijajaa. Kwa matumizi hayo laptopu ilikuwa kweli na kasi kuliko kompyuta ya mezani, hata ikiwa na vumbi lake.

Lililobaki lilikuwa PL1 yenyewe. Intel inaruhusu mtengenezaji wa laptopu kupandisha bajeti ya i7-8550U hadi wati 25. Aliyetengeneza hii alichagua 15. Kwa ThrottleStop, programu ya kubadilisha vikomo vya kichakataji, kikomo kilipandishwa. Hadi wapi? Namba ya digrii kwa wati inajibu bila kubahatisha: 22 × 2.9 ni 64, ongeza 25 za chumba, 89. Wati 25 zingefika 97 na kurudisha kiashiria cha joto. Ikawekwa 22. Kipimo kilitoa digrii 88, gigahezi 2.85, na dakika 18 na nusu. Kwa mara ya kwanza i7 ilishinda.

Masharti yake yasifichwe. Hesabu hiyo ni ya chumba cha digrii 25. Chumba kikifika 35, wati 22 zinagusa 98 na mashine inajipunguza yenyewe, kwa hiyo faida inapungua. Feni inapiga kelele zaidi na sehemu ya chini ya mashine haifai kuwekwa mapajani. Kikomo hiki pia kiwekewe wasifu wa kutumika chaja ikiwa imechomekwa tu. Njia ya kupunguza volteji, ambayo ingetoa gigahezi zaidi kwa wati zilezile, haikupatikana: baada ya udhaifu ulioitwa Plundervolt kutangazwa Desemba 2019, masasisho ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine) yaliifunga njia hiyo kwenye mashine nyingi, na hii ikiwemo.

RAM ya pili ilijaribiwa pia, kwa kuwa swali lake lilikuwa halijafa. Mashine ilikuja na kipande kimoja cha DDR4-2400, chenye upana wa juu wa gigabaiti 19.2 kwa sekunde. Vipande viwili hufungua njia ya pili na kufikisha 38.4. Kwenye x264 tofauti ilikuwa ya sekunde chache, kwa sababu kisimbaji hiki hufanya sehemu kubwa ya kazi yake ndani ya kashe. Kwenye 7-Zip, programu ya kubana faili, yenye kamusi kubwa (eneo la kumbukumbu inalotafutia marudio), ambayo hurukaruka kila mahali kwenye kumbukumbu, muda ulipungua kwa karibu asilimia 10. Michoro ya ndani ya kichakataji nayo hunufaika, maana haina kumbukumbu yake. Kwa hiyo ushauri wa RAM haukuwa upuuzi. Ulikuwa jibu la kazi nyingine.

Iko njia ya mkato ambayo mwenye mashine alionyeshwa na kuikubali kwa sehemu. Ndani ya chipu hiyohiyo kuna sakiti maalumu ya video, Quick Sync, na HandBrake inaweza kuitumia. Ni ya haraka mno na inakula wati chache, kwa sababu hatua zake zimechorwa moja kwa moja kwenye silikoni badala ya kusomwa kama maagizo. Inalipiwa kwenye ukubwa wa faili: kwa ubora uleule wa picha, faili yake hutoka kubwa kuliko ya x264. Video za kutumwa na kufutwa sasa zinapita huko. Za kuhifadhiwa zinabaki kwenye x264.

Alichoachiwa kwa matengenezo ni kipimo kimoja, kirudiwe kila baada ya miezi michache: dakika kumi za x264, joto kutoa chumba, gawanya kwa wati. Kwa kikomo cha wati 22 katika chumba cha digrii 25, mashine itaanza kujipunguza namba hiyo ikipita 3.3. Kwa wati 15 za kiwandani ingevumilia hadi 4.9.